Poda ya nano kwenye unga wa ubuyu, ni sumu kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa Dodoma mjini, nimelifupisha kidogo: "Mtaalamu habari za kazi. Nasaga unga wa ubuyu hapa Dom napeleka Dar, ukitoka hapa uko laini safi ila ukikaa Dar wiki unashika mabonge, wateja wanalalamika. Kuna jamaa ananiuzia poda nyeupe anaiita E551 anasema nichanganye kidogo tu hautagandana. Ana na vyombo vya plastiki vya nano silva, eti juisi inakaa bila friji. Sasa nimeona video mtu anasema hizo zote ni nano, ni sumu, Ulaya wameshapiga marufuku. Nifanyeje?"

Salama dada, pole na mabonge. Nianze na huyo wa video maana kachanganya mambo. Nano sio jina la kitu, ni saizi. Mtu akikwambia "nimekula punje" si utamuuliza punje ya nini? Nanomita moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni, na wanaposema nano wanamaanisha kuanzia 1 mpaka 100 hivi, wakati unywele mmoja wa kichwani unene wake unafika kama 80,000. Hata maziwa tunayokunywa huku ugogoni vizazi na vizazi, protini yake imejikusanya kwenye vidonge vidogo vidogo ambavyo vingine vinaingia kabisa kwenye hiyo saizi, na vikifika tumboni vinameng'enywa, habari imeisha.

Ila sio kwamba saizi haina maana. Kitu kikiwa kidogo kiasi hicho kinaweza kupenya sehemu ambazo punje kubwa haipiti, hata kwenye ukuta wa utumbo, kwahiyo huwezi kusema "hii ilishapimwa ikiwa kubwa, basi na ndogo ni salama". Kinachosumbua zaidi ni vile visivyomeng'enywa, vinabaki vilivyo.

Hapo ndo inapoingia hiyo marufuku ya Ulaya. Waliyoipiga marufuku ni E171, titani dayoksaidi, rangi nyeupe inayowekwa kwenye pipi, bigijii na urembo wa keki. Ufaransa walianza 2020, mwaka 2021 wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya wakasema hawawezi tena kuihesabu salama kwasababu wameshindwa kuondoa wasiwasi kwamba inaweza kuharibu vinasaba, na 2022 ikafungiwa kwenye chakula. Angalia maneno hapo, wameshindwa kuondoa wasiwasi, hawajasema imethibitika inaua. Ndo maana Marekani bado wanairuhusu isizidi asilimia 1 ya uzito wa chakula, na kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliipitia tena 2023 ikaona haina shida. Mi binafsi nisingeiweka kwenye bidhaa yangu, kwanza ni urembo tu, na ubuyu mweupe pee nani anautaka.

E551 ni kitu kingine kabisa, ni silika, yaani madini ya jamii ya mchanga. Ndiyo, chembe zake za msingi ni za saizi ya nano ila zinashikana kuwa mafungu makubwa. Iko kwenye viungo vya pakiti na unga mwingi tu unaotumia jikoni, na hao hao wa Ulaya waliipitia upya 2024 wakasema kwa viwango vinavyotumika haina wasiwasi. Marekani mwisho ni asilimia 2. Usiichanganye na silika ya mawe inayowaharibu mapafu wachimbaji wa dhahabu, ile ni fuwele, hii sio. Ila hata hii ukiimimina inapaa kama moshi, vaa barakoa, na kama jamaa hana cheti kinachoonyesha ni ya chakula na sio ya kiwanda cha rangi, mrudishie poda yake. Na ukiiweka lazima uiandike kwenye lebo, waulize TBS (Shirika la Viwango) kiwango kabla hujachanganya, tangu 2019 mambo ya chakula yako kwao.

Vyombo vya nano silva hapana dada. Silva ni yale madini ya fedha, inaua bakteria kweli, sikatai, lakini inaweza kutoka kwenye plastiki ikaingia kwenye chakula, na inatoka zaidi kwenye kitu kichachu au cha moto, sasa juisi ya ubuyu na ukwaju ina uchachu kiasi gani? 2014 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilimsimamisha msambazaji mmoja kuuza vyombo vya hivyo maana madai yake hayakuwa yamepimwa wala kusajiliwa. Na juisi bila friji itachacha tu, hakuna chombo kinachogeuka friji.

Turudi kwenye mabonge, maana kwa maelezo yako sioni kama unahitaji poda yoyote. Dodoma hewa kavu, Dar ina unyevu wa bahari, unga wa ubuyu unavuta maji kama chumvi. Tatizo ni mfuko wako, ile nailoni nyepesi inapitisha unyevu. Tafuta mifuko yenye foili ndani, zibe kwa mashine ya moto, usifunge kwa mshumaa. Anika vizuri kabla hujasaga, na unga ukitoka mashineni wa moto uache upoe kwanza ndo ufunge, ukiufunga na joto lake jasho linabaki humo humo.

Funga pakiti tano hivyo, mpe ndugu yako wa Dar aziweke jikoni kwake wiki mbili. Zikigandana tena niandikie na uniambie ulitumia mfuko gani.