Maswali yenu na Anko: Mchumba wangu ana wivu na waleti

SWALI: Anko shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 25, naendesha bajaji hapa Dodoma, kijiwe changu kipo upande wa Sabasaba na naishi Ipagala. Niende moja kwa moja, naipenda waleti yangu. Najua umeshaanza kucheka ila subiri kwanza. Niliinunua Nanenane pale Nzuguni kwa fundi wa ngozi, ngozi ya mbuzi original kabisa, ilivyokuwa mpya ilikuwa inanukia chumba kizima na sa hivi imeshajikunja kufuata mwili wangu, nikivaa suruali bila yenyewe naona kama nimetoka uchi. Ndani kuna NIDA, leseni, kadi ya benki, kadi ya kura, passport saizi ya mama, risiti kibao, kikaratasi chenye namba ya siri ya benki maana huwa nasahau, na noti moja ya mia tano ile ya karatasi yenye nyati. Hiyo alinipa babu kule Mvumi nikiwa darasa la tatu, akaniambia kanunue maandazi shule, sikununua, na babu mwenyewe alishatangulia. Hela zangu nazipanga tembo wote waangalie upande mmoja, noti mpya sitoi mpaka nikose kabisa. Abiria wengi siku hizi wananirushia kwenye simu, jioni napita kwa wakala natoa yote naitia kwenye waleti, nahesabu, roho inatulia ndo nalala.

Sasa juzi kati ilidondoka nikiwa najaza mafuta. Siku mbili sikula Anko, nilizunguka kila kona, mpaka mama mmoja muuza karanga akamtuma kijana ailete kijiweni maana aliona picha ya kwenye leseni akanikumbuka. Mchumba wangu alinikuta naibusu. Akasema siku nikipotea mimi hutazunguka hivo. Toka hapo kanuna, na anataka aipekue waleti yote, na mi ukweli sipendi mtu aishike. Washkaji nao wananiita Mama Pochi. Na kingine nisisahau, kalio la kulia linaniuma, moto unashuka mpaka nyuma ya goti, nikishuka kwenye bajaji nachechemea kama mzee. Anko, mi mgonjwa au ni mapenzi ya kawaida?
Mwana Waleti, Ipagala

JIBU: Marahaba anko wangu, mbukwenyi huko Ipagala.

Nianze na kalio maana hilo ndo haliwezi kungoja. Waleti unaiweka mfuko wa nyuma kulia, si ndio? Na unakaa kwenye siti ya bajaji kutwa nzima umeikalia, na kwa hesabu uliyonipa hiyo sio waleti tena ni tofali. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unapita ndani ya kalio unashuka nyuma ya paja mpaka mguuni, ukiukandamiza na kitu kigumu kila siku ndo unapata huo moto. Sio kitu kipya, daktari mmoja Marekani aliandika habari hii kwenye jarida la madaktari linaloitwa JAMA mwaka 1978, watu walikuwa wanaumwa miguu kumbe wamekalia waleti zilizojaa kadi za benki. Ihamishie mfuko wa mbele kuanzia leo, tena leo jioni. Mi sio daktari lakini, kwahiyo ukiona wiki zimepita maumivu yapo palepale au mguu unakufa ganzi na kukosa nguvu, nenda hospitali ya General wakuangalie usije ukasema Anko alinitibu kwenye gazeti.

Haya, ugonjwa. Hapana we sio mgonjwa. Mi mwenyewe nina waleti toka kitambo, imechanika pembeni nimeishona na uzi wa viatu, mke wangu ameshaninunulia nyingine mbili zipo kabatini. Mtu anayekwambia waleti imepitwa na wakati hajawahi kubaki na bando tu mtandao wa pesa umegoma na anataka kula wali maharage kwa mama ntilie. Na we dereva, usipokuwa na noti ndogondogo za chenji asubuhi utagombana na kila abiria anayekupa msimbazi kwa safari ya buku. Hao wanaokuita Mama Pochi waulize jioni nani huwa anawachenjia.

Kinachonisumbua mimi ni hiyo safari yako ya kila jioni kwa wakala. Abiria anakurushia, hela imeshafika, imetulia, halafu unalipa makato uitoe ili uione tu! Kesho ukitaka kulipa mafuta kwa lipa namba unairudisha kwenye simu, jioni unatoa tena. Wakati wa ile tozo ya Julai 2021 nchi nzima ililalamika inakatwa, we unajikata mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Chukua daftari uandike makato ya wiki moja tu, afu uniambie ungekunywa soda ngapi. Toa ya chenji na ya dharura inayobaki iache hukohuko, roho itazoea, mwanzo utalala vibaya siku mbili tatu basi. Na ukumbuke kuwa ile siku waleti inadondoka ilikuwa na mauzo yote ndani, umshukuru Mungu na yule mama wa karanga (umempelekea hata kilo ya sukari? Hujasema, na mi nahisi hujampelekea).

Kile kikaratasi cha namba ya siri sitaki hata kukijadili. Choma. Umefunga mlango afu ufunguo umeuning'iniza kwenye kitasa. Nenda benki ubadilishe na namba yenyewe maana huyo kijana aliyetumwa hatujui kapita wapi kabla ya kufika kijiweni. NIDA nayo, zile tarakimu 20 uzishike kichwani, nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa kwahiyo umebakiza 12 tu, ukiwa na namba na kidole chako mambo mengi yanaenda bila kadi. Kadi ya kura iache nyumbani, uchaguzi haufanyiki kwenye bajaji. Leseni tembea nayo, hiyo trafiki anaijua.

Risiti zako zikague leo, nakuhakikishia nusu zimeshakuwa karatasi nyeupe. Zile za mashine ya EFD hazina wino, ni karatasi yenye dawa inayobadilika rangi ikipata joto, sasa na joto la kalio lako na jua la Dodoma unategemea nini. Kama kuna ya simu au ya betri yenye waranti ipige picha kabla haijafutika, zingine tupa, waleti itapungua nusu hapohapo.

Sasa tuje kwa babu. Anko, ile noti ya nyati sio hela tena. Benki Kuu ilitoa muda kuanzia 6 Januari mpaka 5 Aprili 2025 watu wabadilishe noti za zamani, zile za toleo la 1985 hadi 2003 na ile mia tano ya karatasi ya 2010 pia, na muda ukapita. Kwahiyo hata maandazi aliyokutuma babu leo huwezi kununua nayo. Najua hukuwa na mpango wa kuibadilisha, ningekuwa mimi nisingebadilisha. Lakini usiikalie! Inakunjwa, inapata jasho, siku moja utaifungua itakatika katikati ya pembe za nyati ndo utalia kweli. Iweke kwenye fremu, vioo vinakatwa pale Majengo, itundike ukutani, na watoto wako wakija kuuliza hii nini utawahadithia Mvumi.

Mchumba nimemwacha mwisho kwasababu kesi yake nyepesi kuliko unavyofikiri. Umesema ndani kuna picha ya mama. Yake hukuitaja. Umenitajia mpaka kadi ya kura, kijana! Huyo binti hana wivu na ngozi ya mbuzi, amekuona unabusu kitu ambacho yeye hayumo. Na ukimkatalia kushika anajua kuna namba ya mtu humo. Kaa naye chini, mwage kila kitu mkekani, msaidiane kuchambua, mwonyeshe noti ya babu umwambie ilivyokuwa, mi nadhani hajawahi kusikia hiyo habari. Halafu umwombe passport saizi moja.

Ngozi ikilowa mvua usianike juani itapasuka, hapa kwetu hewa yenyewe kavu. Futa, kausha kivulini, paka kiwi isiyo na rangi kidogo.

SWALI: Anko mambo, samahani sitaki kukuchosha. Nataka kumnunulia mpenzi wangu waleti ya besdei ila rafiki zangu wanasema ukimpa mwanaume waleti tupu unamfilisi, ni kweli?
Dada wa Makole

JIBU: Poa dada. Niliowaona wamefilisika walikuwa na waleti nzuri tu, ila tia buku humo rafiki zako wanyamaze. Nunua nyembamba ya mfuko wa mbele, sababu ya kalio nimeshaieleza hapo juu. Ila kama mpenzi mwenyewe ni dereva bajaji wa Ipagala, hela yako usiiguse kwanza. Nenda studio kapige passport.