Traki nane, matundu mawili: kuanza na rekoda ya mkononi

Ujumbe umeingia kutoka Arua, Uganda. Mpiga adungu (kinubi chenye nyuzi na ngozi) wa kwaya amenunua rekoda ya mtumba ya traki nane, akaifungua nyumbani na kukuta matundu ya maiki ni mawili tu. Sasa ana hakika ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hapana, ndugu yangu, hujaibiwa. Traki ni nafasi ya kuwekea sauti moja ndani ya mashine; traki nane si maiki nane. Tascam DP-008EX na Zoom R8 ndivyo zilivyo: zinacheza traki nane kwa pamoja, lakini zinarekodi mbili tu kwa mkupuo. Mwenye haja ya kurekodi nane kwa mara moja atafute Zoom R16, ila ni pana zaidi na inakula betri sita badala ya nne. Hayo yote yamo kwenye kitabu cha maelekezo. Wanamuziki tunapenda kununua, kusoma hatupendi.

Anza na kadi. R8 inapokea SD isiyozidi GB 32. Kadi za bandia ni nyingi: nje imeandikwa 32, ndani ina 4. Ijaze mafaili hadi mwisho kwenye kompyuta, kisha uyafungue yale ya mwisho. Yakigoma, irudishe dukani. Ikifaulu, ifomati ndani ya rekoda yenyewe, si kwenye simu. Kwa kHz 44.1 na biti 16, dakika moja ya traki moja inachukua karibu MB 5.3. Wimbo wa dakika nne wenye traki nane ni kama MB 170, kwa hiyo hata GB 8 inakutosha kuanzia.

Umeme wa ukutani ndio unaoleta ule mvumo mzito usiokoma, hezi 50, hasa ukitumia chaja ya bei rahisi. Rekodi kwa betri, fanya miksi (kuchanganya traki na kusawazisha sauti zake) kwa umeme. Betri za kuchaji ni za volti 1.2, si 1.5, kwa hiyo ingia kwenye menyu uiambie mashine ni za aina gani, la sivyo itakudanganya kiasi kilichobaki. Na kama maiki yako ni dainamiki, ile isiyohitaji umeme, zima ile volti 48 ambayo rekoda hutuma kwenye maiki. Haiihitaji, na inamaliza betri bure.

Sasa geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kutoka kwenye maiki, mahali ambapo rekodi nyingi hufia. Kitufe cha sauti cha kila traki, kwenye mashine nyingi, hubadilisha unachosikia tu. Kinachoamua kinachoingia kwenye kadi ni kile cha geini karibu na tundu la maiki. Usipime kwa "moja, mbili, moja, mbili". Mwimbaji aimbe kiitikio kwa nguvu zote, uache kilele cha sauti kifike kwenye -12 dB hivi kwenye kipimo cha rekoda. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imekatwa kichwa, na hakuna miksi itakayokirudisha.

Kwa kuwa una matundu mawili, mpangilio ndio kazi yenyewe. Adungu kubwa ya besi na ya kati zianze, pamoja, traki ya 1 na ya 2. Kila maiki iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ngozi, na iwe mbali na adungu ya jirani angalau mara tatu ya umbali huo, ama sivyo sauti zitakulana na besi itasikika nyembamba. Adungu ndogo ifuate, traki ya 3, halafu kayamba, ya 4. Adungu zote zimalizwe katika kikao kimoja! Ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu na nyuzi hushuka. Ya asubuhi na ya jioni hazitapatana, hata kama kila moja ilikazwa nyuzi vizuri peke yake.

Amadinda, marimba ya mbao ya Uganda, ni jambo jingine kabisa. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, mapigo ya mmoja yakiingia katikati ya mapigo ya mwenzake, na wimbo unaousikia haumo mkononi mwa yeyote kati yao. Ukiwarekodi mmoja mmoja kwa kliki (mlio wa kuhesabu mapigo), wa pili anavutwa kuangukia juu ya kliki badala ya kukaa kwenye nafasi yake. Waache wapige pamoja, maiki mbili, moja upande wa mbao kubwa na nyingine upande wa mbao ndogo.

Sauti za waimbaji huja baadaye, kwa hedifoni zinazofunika masikio. Zile za wazi huvujisha kliki hadi kwenye maiki. Mwimbaji akae kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye maiki. Soksi nyembamba ya kike iliyotandazwa kwenye duara la waya inazuia pumzi ya P na B sawa na kichujio cha dukani.

Nafasi zikiisha, unganisha traki 1 hadi 6 ziende 7 na 8. Kwanza nakili wimbo mzima, kwa sababu besi ikishachanganywa na kayamba haitenganishwi tena. Sikiliza mchanganyiko huo kwenye spika ya redio kabla ya kufuta chochote. Na kila traki ianze kurekodiwa kutoka sifuri, hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili. Faili iliyoanzia katikati, ukiihamishia kwenye kompyuta, mara nyingi hujipanga mwanzoni na wimbo unavurugika.

Zima kwa kitufe, usubiri skrini ilale. Ukichomoa betri mapema, kikao cha mwisho kinaweza kupotea. Na mvua ikianza kupiga mabati, weka maiki chini. Huo ndio wakati wa kuunganisha traki.