Shabaha za Karatasi za Kuzero Bunduki: Maswali ya Wasomaji

Nina raifo ya .30-06 yenye darubini, kliki zake ni robo MOA. Shabaha za kununua zimejaa miduara, na nikimaliza kupiga bado sijui nizungushe kliki ngapi. Nataka kuchora yangu ya mita 100. Nianzie wapi? (Msomaji, Arusha)

Miduara ni ya kuhesabia pointi kwenye mashindano. Anayezero, yaani anayerekebisha darubini au vilengeo ili risasi itue pale anapolenga, hana haja na pointi. Anataka kujua risasi zimetua umbali gani kulia au kushoto, juu au chini. Kwa hiyo chora miraba, na upana wa mraba uutoe kwenye darubini yako mwenyewe. MOA (dakika ya pembe, yaani digrii moja ikigawanywa kwa 60) moja kwa mita 100 ni milimita 29. Ukichora miraba ya milimita 29, kila mraba ni kliki 4 (kliki ni hatua moja ya kirungu cha kurekebishia darubini), basi kazi iliyobaki ni kuhesabu tu.

Chukua manila nyeupe, kata kipande cha A3 (milimita 297 kwa 420). Vuta mistari miwili myepesi toka pembe hadi pembe. Inapokatana ndipo kitovu. Pitisha hapo mstari wa wima na wa ulalo, kisha ongeza mistari kila milimita 29: mitano kila upande wa kushoto na kulia, saba kwenda juu na saba kwenda chini. Itaenea A3 karibu kamili. Pima kila mstari kuanzia kitovuni, yaani 29, 58, 87, 116, 145, 174, 203. Ukipima kutoka mstari mmoja hadi wa jirani, kosa la nusu milimita likirudiwa mara saba linafika milimita 3.5, na hiyo ni karibu nusu kliki. Mistari iwe myembamba, ya penseli au biro. Haikusudiwi kuonekana kutoka mita 100. Utaisoma ukishaifikia karatasi.

Alama ya kulenga ni jambo jingine, nayo lazima ionekane. Kitovuni weka mraba mweusi wenye upande wa milimita 116 (miraba minne kwa minne), na katikati yake acha mraba mweupe wa milimita 58. Msalaba wa darubini ukiutua katikati ya ule weupe, unaugawa vipande vinne, na jicho ni hodari sana kugundua kipande kimoja kikiwa kikubwa kuliko wenzake. Doa jeusi tupu halifai kwa darubini, maana msalaba mweusi hupotea ndani ya weusi. Kwa rangi, manila nyeusi iliyokatwa na kubandikwa inashinda makapeni, na makapeni inashinda utepe wa umeme, ambao hung'aa juani hadi upande mmoja unaonekana mweupe. Ukishabandika, endeleza mistari juu ya weusi kwa penseli nyeupe, la sivyo tundu likiangukia hapo hutakuwa na cha kuhesabia.

Piga risasi tatu kwa kulenga palepale, bunduki ikiwa imetulia juu ya mifuko ya mchanga, halafu tafuta kitovu cha matundu. Unganisha mawili kwa mstari na uweke nukta katikati yake. Toka hapo vuta mstari kuelekea tundu la tatu, na usimame theluthi moja ya njia. Hapo ndipo bunduki inapopiga. Tuseme ni miraba 2 na nusu kushoto, mmoja na nusu chini: zungusha kliki 10 kulia na 6 juu. Usirekebishe kwa tundu moja, hata kama limekukera.

Mwenye darubini ya mili (miliradiani, kipimo kingine cha pembe), yenye kliki za 0.1, ana urahisi zaidi: kliki moja kwa mita 100 ni sentimita 1 kamili. Achore miraba ya sentimita 5, kila mmoja kliki 5.

Nilichora kwenye kompyuta, nikachapisha stesheneri, miraba ikatoka midogo. Nitupe? (Msomaji, Nanyuki)

Usitupe kabla ya kupima. Mashine nyingi za kuchapa huipunguza picha kidogo ili itoshe ndani ya kingo za ukurasa. Mwambie mhudumu achague ukubwa halisi, asilimia 100, na pembeni mwa mchoro weka mstari wa milimita 100 wa kukagulia kwa rula. Ukitoka milimita 97, kosa ni asilimia 3: kundi la matundu lililopotoka sentimita 10 litakudanganya kwa milimita 3, chini ya nusu ya kliki. Hiyo inavumilika. Isiyovumilika ni picha ya shabaha iliyopita kwenye simu tatu na kuchapwa bila yeyote kujua ukubwa wake. Tena, kama huko ni kipindi cha mvua, pendelea mashine ya leza; wino wa maji huchuja mara karatasi inapopata unyevu.

Bunduki yangu haina darubini, ina vilengeo vya chuma tu. Kwa mita 100 alama niliyochora siioni kabisa. (Msomaji, Songea)

Alama yako ni ndogo kuliko kilengeo chako cha mbele, kwa hiyo kinaifunika. Pima upana wa kile kijiti cha mbele, pima pia umbali toka jichoni hadi kwenye kijiti ukiwa umeweka bunduki begani. Gawanya upana kwa umbali huo, zidisha kwa umbali wa shabaha. Kijiti cha milimita 2 kilicho sentimita 75 toka jichoni hufunika milimita 267 kwa mita 100, milimita 133 kwa mita 50, na 67 kwa mita 25. Chora duara jeusi la upana huohuo. Likilingana na kijiti, utaona mara moja kama umeegemea upande.

Lenga chini ya duara, weusi ukiwa umekaa juu ya ncha ya kijiti huku uzi mwembamba wa weupe ukibaki kati yao. Ukilenga katikati, kijiti cheusi ndani ya duara jeusi hakionekani mwisho wake, na hapo makosa ya juu na chini huanza.

Hapa mwindaji ajihadhari. Wapigaji wa mashindano huzero ili risasi itue katikati ya duara huku wakilenga chini yake. Kwa duara la sentimita 27, hiyo ni sentimita 13 juu ya pale anapolenga. Kwenye shabaha ni sawa, lakini swala hana duara. Mwindaji ahesabu miraba kuanzia ukingo wa chini wa duara, na azero risasi itue hapohapo kwenye ncha ya kijiti.

Kuhusu marekebisho: zidisha kosa lililoko kwenye karatasi kwa umbali kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha. Risasi zikiwa sentimita 15 chini kwa mita 100, na vilengeo vimeachana sentimita 60, jibu ni milimita 0.9. Kilengeo cha nyuma hufuata unakotaka risasi iende. Cha mbele huenda kinyume. Kwa hiyo ili risasi zipande, cha mbele kishuke. Kama ni cha kupunguzwa kwa tupa, punguza nusu ya hesabu, piga tena, ndipo uendelee. Chuma kilichokwisha liwa na tupa hakirudi.

Matundu yanachanika kama yamekatwa na panya, siwezi kupima. (Msomaji, Tanga)

Karatasi inaning'inia. Ikiwa na nafasi nyuma yake au imelowa unyevu wa bahari, risasi huivuta kabla ya kuitoboa. Ibandike yote, si pembe nne tu, kwenye boksi la kadibodi lililonyooshwa. Gundi ya unga wa ngano inatosha: robo kikombe ya unga, kikombe kimoja cha maji, koroga motoni hadi iwe nzito, ipake nyembamba, acha ikauke usiku kucha chini ya ubao bapa isijikunje. Gazeti peke yake halifai. Karatasi za mfuko wa saruji ni imara, ila ni za kahawia, hivyo zitumie nyuma tu.

Hata tundu safi huonekana dogo kuliko risasi, kwa sababu nyuzi za karatasi hurudi. Risasi ya .30 ina kipenyo cha milimita 7.8, wewe tafuta ule mzingo wa kijivu unaoachwa pembeni mwa tundu, na upime kutoka katikati yake.

Fremu iwe ya mbao mbili kwa mbili, kadibodi ishikwe kwa pini za stepla. Usiibandike kwenye bati, jiwe, wala shina la mti: risasi hurudi au hukengeuka. Nyuma yake pawe na tuta la udongo laini lisilo na mawe, kwenye uwanja ulioruhusiwa kisheria, na bunduki ziwe tupu na wazi kila mtu anapokwenda kwenye shabaha.

Uwanja wetu ni wa mita 25 tu. Naweza kuzero hapo? (Msomaji, Morogoro)

Kuanzia, ndiyo. Kumalizia, hapana. Kwa mita 25 MOA ni milimita 7.3, na kliki ya robo ni milimita 1.8. Watu wengi huona kosa la sentimita 2, wakazungusha kliki mbili tatu, wakashangaa hakuna kilichobadilika. Zinahitajika 11.

Jambo la pili: darubini iko sentimita 4 hivi juu ya mtutu. Bunduki kama .30-06 iliyozerowa mita 100, ikifika mita 25 risasi yake bado iko chini ya mstari wa jicho, kama sentimita 1.5. Basi punguza alama ya kulenga iwe robo ya ile ya mita 100, halafu milimita 15 chini ya kitovu chake chora msalaba mdogo wa penseli. Lenga alama, zungusha hadi kundi litue kwenye msalaba. Kisha tafuta siku ya kwenda mita 100, kwa sababu kosa la milimita 5 hapa litakuwa sentimita 2 kule.

Huku viwanja ni vya yadi na karatasi zina miraba ya inchi. Nikirudi Kenya nazo zitafaa? (Msomaji, Minneapolis)

Kwa yadi 100, mraba wa inchi ni karibu MOA moja, kliki 4. Kwa mita 100 mraba uleule ni kliki 3 na nusu. Andika hivyo kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi, zitumie.

Shabaha moja inaweza kutumika mara ngapi? (Msomaji, Dodoma)

Mpaka kadibodi ilegee. Kata viraka vya sentimita 2, vyeupe na vyeusi, uviweke mfukoni na chupa ndogo ya gundi ileile ya unga. Kabla ya kuziba, zungushia kila kundi penseli, andika aina ya risasi na kliki ulizozungusha, piga picha. Ukiziba kwanza, ushahidi umekwenda.