Jibu kwa mwenye mtandao wa kijamii wa Kiswahili: usilipie huo ukumbi

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba unauza kiwanja cha Chanika upate mtaji wa kuzindua mtandao wa kijamii wa Kiswahili "kwa Afrika Mashariki nzima". Chati ndani, video fupi ndani, duka ndani, ukumbi Masaki, wasanii jukwaani, na mshauri wako anasema matangazo yakishiba watu watakuja wenyewe. Halafu unatuuliza kwa nini WhatsApp na TikTok zilitoboa wakati wenzao walikwama, seva uweke hapa au nje, uprogramu kwa lugha gani, na hela itaingiaje. Kusoma uzi wako ilikuwa kama kufungua taarifa yangu ya benki ya miaka ile.

Watu hawaji wenyewe. Nayaandika haya nikiwa na nyumba Kigamboni iliyoishia kwenye lenta, na anayeilinda ni mbuzi wa jirani.

Nina jambo moja tu la kukwambia na nitalirudia mpaka mod, msimamizi wa jukwaa hili, anifungie: usizindue kwa wote. Tafuta kundi dogo la watu ambao tayari wanazungumza kila siku, liingize lote, likae, lizoee, ndipo ugeukie la pili. Mtandao wa kijamii si sabuni. Sabuni nikiinunua peke yangu nchi nzima bado nitatakata. Apu ya kuongea, kama ninaotaka kuongea nao hawamo, hata ingekuwa ya dhahabu ni mzigo kwenye simu.

Nenda stendi yoyote ya daladala saa moja asubuhi. Gari mbili za njia moja: moja ina viti vipya na muziki mzuri lakini tupu, nyingine imechoka ila imebakiza watu wawili iondoke. Abiria wanaipita ile mpya bila hata kugeuza shingo. Ndiyo maana wapiga debe wanakalisha watu wao ndani wajifanye abiria. Usicheke, Reddit walianza hivyo hivyo mwaka 2005. Steve Huffman na Alexis Ohanian wamesema wenyewe hadharani kwamba mwanzoni walikuwa wakijiwekea viungo kwa akaunti za majina ya kubuni, ili mgeni akiingia aone kuna watu.

Sasa yangu, maana nami niliwahi kuzindua mtandao kama wako. Apu yetu ilikuwa nzuri, na sisemi hivyo kwa sababu ni mwanangu. Ilikimbia kwenye Tecno za bei ya chini, Kiswahili chake kilikuwa safi, na madevelopa wangu walikuwa vijana wenye akili. Wakati ule nilikuwa nimewahi kusikia habari ya kuanza na wachache. Akaja mtaalamu wa masoko. Jina silitaji. Alikuja na slaidi, ramani ya Afrika iliyopakwa rangi kutoka Mombasa hadi Bujumbura, na sauti ile ya mtu ambaye hajawahi kupoteza hela yake mwenyewe. Akaniambia kuanza na wachache ni woga, soko linatekwa kwa mpigo. Ada yake ilikuwa kwa dola. Hapo tu ningetoka mbio, lakini nilimwagizia soda.

Tukapiga redio. Tukaweka bango la barabarani. Tukawalipa mastaa wa Insta wapige picha na fulana zetu (mmoja aliandika jina la apu kimakosa, akaomba nyongeza ya kurekebisha). Na juu ya yote tukaweka zawadi: pakua, jisajili, upate vocha. Kaka, Mtanzania ukimpa vocha bure atapakua hata apu ya kumtangazia msiba wake mwenyewe. Mstari wa waliopakua ukapanda kama moshi, tukala pilau ofisini, mtaalamu akapiga picha ya ule mstari na kuiweka kwenye ukurasa wake. Bado ipo hadi leo. Anaitumia kwenye semina zake za ujasiriamali.

Usiku nikafungua ukurasa wa admini nione watu wanaongea nini. Jamaa mmoja wa Kahama alikuwa ameandika: "Mambo vipi wana wa humu." Chini yake hakuna kitu. Kati ya namba zote kwenye simu yake, aliyekuwa amejisajili kwetu ni mmoja, na huyo hakuwa ameifungua apu tangu apokee vocha. Kesho yake jamaa akaandika tena: "Kuna mtu?" Ikaniuma. Nikafungua akaunti ya jina la Neema nikamjibu. Tukapiga stori vizuri tu, mvua, bei ya mpunga, Yanga. Siku chache baadaye akaniomba namba ya simu. Mkuu, mimi nina ndevu.

Hapo ndipo ungetaka nikwambie nilishtuka nikageuza gari. Hata. Nilimpigia mtaalamu, akasema tunahitaji matangazo zaidi.

Lakini hicho bado si kilichoniua, na hapa naomba usome polepole. Katika nchi nzima iliyokuwa imelala, kulikuwa na kona moja iko macho: darasa moja la chuo cha uuguzi Mbeya. CR wao, yaani kiongozi wa darasa, alikuwa ameipenda apu, akalihamisha darasa zima kwa siku moja. Walikuwa wanaingia asubuhi, mchana na usiku. Wanatumiana picha za notsi, zamu za wodini, mitihani ya miaka ya nyuma, umbeya wa hosteli. Hatukuwalipa, hatukuwapa vocha. Walikuwa na malalamiko mawili tu: picha za notsi zinafifia zikitumwa, na haiwezekani kutafuta kitu cha zamani. Waliniandikia kwa heshima kabisa, "shikamoo admini, tunaomba".

Nikampelekea mtaalamu. Akasema, na haya ni maneno yake kwa maana yake, hao ni wanafunzi, hawana hela, ni tone. Tusiwajengee wao, tujengee soko. Soko lenyewe lilikuwa Neema na jamaa wa Kahama. Madevelopa wakaacha ya picha, wakaingia kutengeneza ukurasa wa video zinazojicheza zenyewe ukifungua tu, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinavuma. Tukaiachia. Wale wanafunzi bando la wiki likaisha siku ya kwanza. CR akaandika ujumbe mmoja kwenye grupu lao, "jamani turudi WhatsApp", na wote wakaondoka jioni ile ile. Hakuna aliyebaki kuzima taa. Watu wa mtandao wanaondoka kama walivyoingia, kwa kundi, na ukiwakera kumi kati yao umewakera wote.

Ningewatengenezea picha zao, wangewaleta darasa la nyuma yao, na chuo cha jirani, na wapenzi wao wa Iringa. Sina ushahidi wa hilo, lakini tazama Facebook. Februari 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Harvard tu, huna barua pepe ya chuo huingii. Ikajaa pale kwanza. Ndipo ikaenda Columbia, Stanford na Yale, chuo kimoja baada ya kingine, na wengine wote wakafunguliwa mlango Septemba 2006. Wakati huo mtandao wa MySpace ndio ulikuwa mkubwa, ilishanunuliwa kwa dola milioni 580 mwaka 2005. Mwaka 2011 ikauzwa kwa kama milioni 35. Na Facebook ya mwanzo haikuwa na video, duka wala hata chati. Ilikuwa na watu unaowajua, wote mahali pamoja.

WhatsApp nayo tunaisahau kwa kuwa tumeizoea. Ilianza 2009, na ujanja wake ulikuwa kwamba kundi lako ulikuwa nalo tayari mfukoni: inasoma namba kwenye simu, inakuonyesha nani yumo, hakuna kuombana urafiki, hakuna nenosiri. Na ilishuka mpaka kwenye Nokia za watu wa kawaida, zile Asha ambazo nusu ya ukoo wangu ilikuwa nazo. BBM, apu ya kuchati ya simu za BlackBerry, ilikuwa imetangulia na ilikuwa tamu, lakini wenyewe waliifungia ndani ya simu hizo mpaka Oktoba 2013. Mjomba mwenye Nokia alikuwa nje, na grupu la familia lisilo na mjomba ni grupu la nini? Walipofungua kwa Android na iPhone, ukoo ulishahamia kwingine. Mei 2019 wakaizima.

Kama unadhani shida yangu ilikuwa hela kidogo, angalia Google+, mtandao wa kijamii wa Google. Hao walikuwa na Gmail, YouTube na mfuko usio na chini. Walizindua 2011 wakawasukumia akaunti watu wasioziomba. Mwaka 2018 Google wenyewe walisema kati ya kila mara 100 mtu alipoifungua, mara 90 alikaa chini ya sekunde tano. Aprili 2019 wakafunga. Majina ya watu walikuwa wameyaingiza, lakini maongezi yao yalibaki kule kule walikozoea.

Na usije na ile hoja ya "watu wamechoshwa na WhatsApp, wanasubiri mbadala". Januari 2021 WhatsApp walitoa masharti mapya ya faragha, dunia nzima ikakasirika, tukapakua Signal na Telegram kwa hasira. Mimi pia. Signal yangu mpaka leo ina shemeji peke yake, naye nadhani alijiunga kwa kubonyeza vibaya. Vikoba, kamati ya harusi na wazazi wa darasa la mtoto havikuhama, basi nasi tukarudi kimya kimya.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kuniambia TikTok haihitaji marafiki. Ni kweli, yenyewe inakulisha video za watu usiowajua mpaka usingizi unakata, na hilo ni jambo jingine. Ila nayo haikufungua duka tupu huko Marekani. ByteDance, wenye TikTok, waliinunua Musical.ly, apu ya video fupi za kuimba, mwaka 2017, na Agosti 2018 watoto waliokuwa wakiimbia humo wakaamka apu yao inaitwa TikTok. Threads, mtandao wa wenye Instagram, walipopata watu milioni 100 ndani ya siku tano Julai 2023, waliingia kwa akaunti za Instagram. Wewe una Instagram? Una Musical.ly? Una kiwanja cha Chanika.

Clubhouse, apu ya mijadala ya sauti, ndiyo iliniuma zaidi kuiangalia maana ilianza sawasawa: kwa mwaliko, watu wachache, wote wanataka kuwa humo. Mpaka Mei 2021 ilikuwa ya iPhone tu. Twitter wakaweka Spaces, vyumba vyao vya mijadala ya sauti, pale ambapo watu walikuwa wameshakaa. Huku kwetu wenye iPhone walitamba kidogo, halafu mijadala yote ikahamia Spaces. Vine, apu ya video fupi, wao nilikuwa nawaonea huruma, ila walikuwa na mastaa ndani wanaomba walipwe, hawakuwasikiliza, wakaondoka nao wafuasi, na Januari 2017 ikafungwa. Ni wanafunzi wangu wa Mbeya, kwa dola tu.

Kwa hiyo mambo ya idadi ya waliopakua yafute kwenye meza yako. Usiyatazame kabisa. Tazama waliorudi kesho bila kupewa kitu, na kati ya hao ni wangapi walijibiwa. Mshauri wako akikuonyesha mstari unaopanda, mwambie akuonyeshe "kuna mtu?" ngapi ziko chini yake.

Umeuliza pia seva. Weka popote, kwa watu mia tatu hata kompyuta ya zamani ya ofisini itabeba.

Sasa nijibu hapa hapa: watu wako wa kwanza ni akina nani? Usiniandikie "vijana". Niandikie wako wapi, ni wangapi, nani akisema wanamsikiliza, na grupu lao la sasa linawakera kwa lipi. Inaweza kuwa mafundi wa gereji moja, kwaya moja, bodaboda wa kijiwe kimoja, sijali. Naingia tena jioni baada ya kazi. Na huyo mshauri wako, muulize kama ada yake ni ya dola.