Kabla hujapanda ndege kufuata vitambaa Surat

Wenzangu wa Kariakoo huniuliza bei tu. "Shifoni ya Surat mita inatoka shilingi ngapi?" Nikiwatajia wanapiga hesabu kichwani, wanaiona faida, kesho yake wanatafuta viza. Nami nilikwenda hivyohivyo mara ya kwanza, na bei niliipata nzuri kabisa. Kilichonitia hasara ni kalenda.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 2023. Kutoka Mumbai nilipanda treni, mwendo wa kama saa nne, nikashuka Surat, mji wa jimbo la Gujarat, India, unaokula na kulala vitambaa (na almasi, ila hayo si ya mfuko wangu). Maduka ya jumla yamejazana Ring Road, ndani ya majengo ya ghorofa yenye vyumba vya biashara visivyohesabika. Unavua viatu mlangoni, unakaa chini kwenye godoro lililotandikwa shuka jeupe, wao wanaliita gadi. Chai inaletwa kwenye kikombe cha kidole kimoja kabla hujasema umefuata nini. Kisha kijana anarusha jora mbele yako, linafunguka lenyewe linateleza hadi kwenye magoti yako, na kabla hujaligusa la pili limeshatua juu yake.

Nilichagua majora 60 ya madera. Nikamwambia tajiri mzigo uwe umetoka kabla ya tarehe 10 Novemba, nisikose Krismasi. Akatikisa kichwa kile cha bega hadi bega, wala si ndiyo wala si hapana, akasema "ho jayega". Itakuwa. Nikalipa nusu.

Diwali, sikukuu kubwa ya Wahindu, mwaka ule iliangukia 12 Novemba.

Mwenye kujua Surat ameshacheka. Mafundi wengi wa viwanda vya kufuma na kutia rangi si wenyeji. Wanatoka majimbo ya mbali, Odisha, Bihar na Uttar Pradesh, na sikukuu ikikaribia wanapanda treni kwenda kwao. Matajiri nao Diwali ndiyo siku yao ya kufunga hesabu za mwaka. Daftari jipya linawekwa mbele ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, na kufanyiwa ibada, Chopda Pujan. Halafu unaingia mwaka mpya wa Kigujarati, na maduka mengi yanasubiri siku ya tano, Labh Pancham, siku ya heri ya faida, ndipo yafungue. Hayo ni ya maduka. Fundi aliyeko kijijini Bihar anarudi akijisikia. Majora yangu 22 yalikuwa hata rangi hayajatiwa. Mzigo ulitua Dar mwezi wa pili, watu wanalipa ada za shule, nani ananunua dera?

Nilikasirika, lakini baadaye nikaona yule tajiri hakunidanganya. "Ho jayega" ni kama inshallah ya fundi cherehani wa mtaani kwako: nia njema anayo, tarehe hana. Kihindi chenyewe kina neno "kal" ambalo ni jana na ni kesho pia, utajua kwa kitenzi. Na kumwambia mgeni "haiwezekani" akiwa amekaa kwenye gadi yako, anakunywa chai yako, ni utovu wa adabu. Sisi watu wa pwani tunalijua hilo, tunalifanya kila siku.

Kwa hiyo swali la kujibiwa ndiyo usilipeleke kule. Siku hizi siulizi "itakuwa tayari Ijumaa?" Nauliza "kitambaa changu sasa hivi kiko kwa nani, mfumaji au mtia rangi?" Nauliza fundi wao anaondoka lini na anarudi lini. Naomba picha ya jora lenyewe, na karatasi yenye jina langu juu yake. Nimeshajifunza kwamba mtu akichelewa kuleta picha, jora halipo. Na Diwali naitazama kabla ya nauli: mwaka 2026 ni 8 Novemba, maana yake mzigo wa Krismasi ni wa kuagiza Agosti.

Jingine lililonitoa jasho ni ankara. Ilikuja imeandikwa 1,80,500, nikadhani karani kasinzia. Hakusinzia. Wakishavuka elfu, wao huweka mkato kila tarakimu mbili, kwa sababu wanahesabu kwa laki. Ni laki ileile tunayoisema sisi, imevuka bahari pamoja na duka, bima na hundi. Juu ya laki kuna krori, nayo ni laki mia, yaani milioni 10. Soma kwa sauti, "laki moja na elfu themanini na mia tano," utaona inakaa sawa. Halafu uliza kama bei aliyokutajia ina GST ndani au inaongezwa. Kodi hiyo ipo tangu 2017 na kwenye maongezi haitajwi mpaka karatasi itoke.

Mita pima mwenyewe. Upana pia, kuna inchi 44 na kuna 58, na kwa dera tofauti hiyo ni pesa.

Mara ya pili nilifuatana na mtoto wa kiume wa dada yangu, ana miaka 23, hajui kutofautisha shifoni na satini. Tajiri mmoja akawa anazungumza naye, mimi mwanamke ananipitishia chai. Kikokotoo kikawa kinapelekwa kwake. Sikugomba. Nilikichukua mkononi mwa kijana, nikaandika bei yangu, nikakirudisha kwa tajiri huku namtazama. Ilibidi nifanye hivyo mara tatu. Kijana naye alituchekesha: kila akiniita "mama mdogo," wauzaji wanageukiana, kwa sababu kwao "mama" ni mjomba. Na "kaka" kwa Kigujarati ni baba mdogo. Ukimwita muuza chai kijana "kaka" umemzeesha.

Maswali ya nyumbani yatakuja: umeolewa, watoto wangapi, nyumba yako au umepanga? Usinune. Anakupima kama wewe ni mtu wa kurudi. Wao kwa wao wanapeana mali kwa miezi miwili, mitatu, dalali yuko katikati anabeba jina lake. Ni mali kauli yetu hiihii. Usiiombe safari ya kwanza.

Hoteli ndogo nyingine zitakukataa. Si lazima iwe rangi yako, ingawa wakati mwingine unahisi ni hiyo. Kila mgeni wa nje lazima hoteli imsajili serikalini, wengine hawataki usumbufu. Uliza kabla ya kulipa teksi. Noti ndogondogo uwe nazo, hata muuza chai anapokea kwa simu na simu yako huenda isikubali. Chakula, mwachie mwenyeji achague. Matajiri wengi ni Wajaini (watu wa dini nyingine ya huko) au Wahindu wasiogusa nyama, Wajaini hata kitunguu hawali. Ukiitamani nyama vuka mto Tapi uende Rander, mtaa wa zamani wa Waislamu, huko utajiona uko nyumbani.

Safari iliyopita nilimpelekea tajiri wangu yule wa "ho jayega" kilo mbili za korosho za Mtwara, zilizobanguliwa hukuhuku. Akatafuna moja, akaniambia India hununua korosho zetu zikiwa ghafi, wanakwenda kubangua wenyewe. Najua, nikamwambia. Akala ya pili, akaita kijana alete majora ambayo hayakuwa rafuni. Tarehe ya kutoa mzigo, safari hii, aliiandika kwa mkono wake nyuma ya kadi ya duka. Alichelewa siku nne.