Titanic na Endgame: tuhesabu dola au tikiti?

Swali: Assalaam alaykum. Hapa Langoni, Lamu, barazani hapakaliki. Vijana wanasema filamu ya Avengers: Endgame (2019) imeipiku Titanic (1997) huko Marekani kwa kuwa imeingiza pesa nyingi zaidi. Mzee wetu anasema pesa ya jana si ya leo. Tupime vipi?

Jibu: Waalaykum salaam. Mzee ana haki, ila hoja yake yataka hesabu. Wekeni dola kando, mtafute tikiti ngapi zilikatwa: chukueni mapato ya soko moja, myagawanye kwa wastani wa bei ya tikiti wa mwaka ule.

Endgame ilipata Marekani na Kanada kama dola milioni 858. Wastani wa tikiti mwaka 2019 ulikuwa dola 9.16, kwa hiyo ni tikiti milioni 94 hivi. Titanic, ilipotoka mara ya kwanza, ilipata milioni 601. Hapa wengi huteleza: ilianza kuonyeshwa tarehe 19 Desemba 1997, na sehemu kubwa ya pesa iliingia 1998, basi tumieni bei ya 1998, dola 4.69, si ile ya 1997. Jibu ni tikiti milioni 128. Na ile 94 ya Endgame yaelekea imezidi, maana tikiti za 3D na za IMAX (kumbi za skrini kubwa mno) huuzwa ghali kuliko wastani.

Msitumie mfumuko wa bei wa jumla kwa filamu kongwe. Kati ya 1939 na 2019 bei za bidhaa Marekani zilipanda kama mara 18, lakini tikiti ilitoka senti 23 hadi dola 9.16, karibu mara 40. Njia hiyo itaipunja Gone with the Wind (1939) zaidi ya nusu ya haki yake.

Filamu hiyo ina mtego mwingine. Dola zake takriban milioni 200 za Marekani zilikusanywa kwa miongo mingi, kwa kuwa ilirudishwa kumbini tena na tena. Mkizigawanya zote kwa senti 23 mtapata tikiti milioni 870, katika nchi iliyokuwa na watu milioni 131! Kila awamu igawanywe kwa bei ya mwaka wake.

Takwimu za zamani pia ziangalieni vizuri. Magazeti ya biashara ya sinema yalizoea kuandika fungu la msambazaji tu, ambalo mara nyingi ni kama nusu ya pesa ya mlangoni. Ukililinganisha na mapato kamili ya leo, filamu ya kale imedhulumiwa.

Mapato ya dunia nzima hayagawanyiki hivi, kwani kila nchi ina bei yake na sarafu yake. Ufaransa kazi ni nyepesi, maana wao huhesabu watazamaji wenyewe: La Grande Vadrouille (1966) ilipata milioni 17, Bienvenue chez les Ch'tis (2008) milioni 20.