Aliyeniibia nyavu anataka kutumikia adhabu nje: nami nitasikilizwa?

Safu ya Maswali ya Sheria

*Wahariri, habari za kazi. Kijana wa hapa kwetu aliniibia nyavu mbili za dagaa, betri na taa tatu za sola. Mahakama ya Mwanzo ilimfunga miezi 12, yuko Butimba. Hata nusu hajafika, nasikia kuna afisa amepita kwa mwenyekiti wa mtaa akiuliza kama tuko tayari kumpokea, eti atamalizia kwa kufagia zahanati. Kwangu hakufika. Je, sina haki ya kusema?*
Mama mwenye mtumbwi, Igombe

Pole kwa hasara, mama. Huyo aliyepita ni afisa wa huduma za uangalizi, wengi humwita afisa probesheni, na yuko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama impe kazi za kijamii zisizo na malipo mtu ambaye kifungo chake hakizidi miaka 3: kufagia, kulima shamba la shule, kuzibua mitaro. Hata aliyekwisha kuingia gerezani anaweza kuombewa.

Tuanze na lisilopendeza. Anayetakiwa kukubali mpango huo ni mfungwa, si aliyeibiwa. Huna kura ya turufu, kwa hiyo usipoteze nauli kutafuta mlango wa kusema "nakataa". Ulicho nacho ni nafasi ya kuingiza maneno yako kwenye faili kabla hakimu hajalifungua, na nafasi hiyo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Hakimu hamjui kijana wako wala mwalo wa Igombe. Anasoma taarifa ya uchunguzi wa kijamii ya yule afisa: familia inasemaje, mtaa unasemaje, aliyekosewa anasemaje, mkosaji atakaa wapi na atafanya kazi wapi.

Hapo ndipo panapoharibika. Afisa anafika saa nne asubuhi, wewe uko kwenye vichanja unaanika au umeshapeleka mzigo Mwaloni Kirumba. Anamkuta jirani au mjumbe, ambaye pengine ni mjomba wa kijana. Mjumbe anasema "hapa hakuna shida, walishaelewana", na taarifa inaandikwa kuwa jamii imeridhia. Hakuna aliyetunga uongo mkubwa, ila sauti yako imeshazungumzwa na mtu mwingine.

Fanya hivi wiki hii. Nenda kwa karani wa mahakama iliyomhukumu ukiwa na namba ya kesi, uulize ni ofisi ipi ya uangalizi inashughulikia uchunguzi huo. Andika barua, toa nakala tatu. Moja mpe afisa, ya pili ipeleke masjala iingie kwenye faili la kesi, ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri huo, siku ikisemwa hukuleta kitu huna cha kuonyesha. Acha namba ya simu inayopatikana, maana usipojitokeza mwenyewe usitegemee kuletewa hati ya wito. Ukiijua tarehe, nenda ukae mahakamani, kisha mwambie karani mapema kuwa mlalamikaji yupo na anaomba kusikilizwa. Mahakama ya Mwanzo haina wakili wa serikali, mlalamikaji husimama mwenyewe, kwa hiyo ombi hilo si la ajabu. Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi upande wa mashtaka ni wa Jamhuri, hivyo pita kwa wakili wa serikali aliyeendesha kesi.

*Nikipewa nafasi hiyo niseme nini? Nina hasira, naogopa nitaharibu. Mimi nilikatwa panga mkononi, mtuhumiwa ametiwa hatiani juzi, adhabu bado.*
Fundi cherehani, Buhongwa

Wewe uko mahali pazuri zaidi kuliko mama wa Igombe, kwa sababu adhabu bado haijatamkwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama, kabla ya kutoa adhabu, kupokea ushahidi inaoona utaisaidia kujua adhabu inayofaa. Mwambie wakili wa serikali leo, si asubuhi ya hukumu, kwamba unataka athari ulizopata ziwekwe mbele ya hakimu. Mkosaji atapewa nafasi ya kuomba huruma, atataja watoto na mama mgonjwa. Usipotangulia, hayo ndiyo yatakuwa maneno ya mwisho hakimu kuyasikia.

Ukurasa mmoja unatosha, miwili ikizidi sana. Juu weka namba ya kesi, jina la mahakama na jina la mkosaji. Usirudie ushahidi, hakimu ameshaamini kuwa ulikatwa. Mweleze yaliyotokea baada ya hapo, kwa vitu vinavyohesabika. "Nimeteseka sana" haimwambii kitu. Linganisha na hii:

"Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji. Siwezi kushika mkasi wala kusukuma kitambaa. Kabla ya tukio nilikuwa nashona sare nne kwa siku, sasa nashona moja, na vifungo anakaza mwanangu. Mkosaji anakaa nyumba ya tatu kutoka kibandani kwangu. Ikiwa mahakama itaona inafaa atumikie nje, naomba asipangiwe kazi katika shule ya hapa mtaani ambako watoto wangu wanasoma, na asifike kibandani kwangu."

Umeona sentensi ya mwisho? Ndiyo yenye faida kubwa. Watu wengi hubaki kwenye "afungwe", hakimu akiamua vinginevyo wanakuwa hawajaomba kitu kingine chochote. Omba masharti: wapi asipangiwe kazi, nani asimkaribie, fidia kiasi gani na ilipwe kufikia tarehe gani.

Fidia ina kanuni yake: mahakama huangalia hasara iliyoonekana kwenye ushahidi. Ambatisha nakala ya PF3 (fomu ya polisi uliyotibiwa nayo), stakabadhi za dawa na nauli za kwenda kliniki. Stakabadhi yenye jina la shemeji yako itakusumbua, aje yeye aeleze au muuzaji akuandikie upya. Na wavuvi mnaosoma hapa, kama kilichoibwa ni kokoro (wavu wa kukokota), kaeni kimya kuhusu fidia. Hicho ni chombo haramu, mtakuwa mmejishtaki wenyewe.

Vya kuacha nje: vitisho ("akitoka tutaonana"), makosa ambayo hakushtakiwa, na orodha ya sahihi za mtaa mzima. Kitisho kimoja kinatosha kumfanya afisa aandike kwamba hatari inatoka kwako.

*Jamaa waliomvamia kaka yetu ziwani usiku wakiwa na bunduki, wakachukua mashine ya boti, walifungwa miaka 30. Wanaweza kupewa hii huduma ya jamii?*
Familia, Ukerewe

Hapana. Miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha iko mbali kabisa na ile mitatu, na hata parole, yaani kutoka gerezani mapema kwa masharti, haiwahusu. Kinachobaki ni rufaa yao, au msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ambao hauna kikao cha kuwasikiliza walioathirika.

*Aliyemjeruhi baba alifungwa miaka 6. Tunaambiwa akifikisha miaka 2 anaweza kutoka kwa parole. Ni kweli? Tunaruhusiwa kupinga?*
Mtoto wa kwanza, Misungwi

Hesabu ni sahihi, ila kuna neno "anaweza". Parole ni kwa mfungwa wa miaka 4 au zaidi aliyekwisha kutumikia theluthi moja, na haiwagusi wafungwa wa maisha wala baadhi ya makosa mazito. Kwa miaka 6, theluthi ni miaka 2. Bila parole, akiwa na tabia njema, punguzo la kawaida la theluthi moja ya kifungo lingemtoa kwenye miaka 4. Kwa hiyo mnachobishania ni ile miaka miwili ya katikati, ambayo angeitumikia nje kwa masharti.

Jina huanzia gerezani, hupita bodi ya parole ya mkoa, kisha bodi ya taifa, na mwisho Waziri wa Mambo ya Ndani. Mahali pa kupeleka maneno yenu ni mapema, ngazi ya gereza na mkoa. Andikeni barua kwa Mkuu wa Gereza mkiomba nakala ifikishwe bodi ya mkoa, mkitaja namba ya kesi, tarehe ya hukumu na hofu mliyonayo kwa mifano ya karibuni. Kama ndugu zake wamekuwa wakija nyumbani kumtisha baba, ripotini polisi kwanza, kisha mtaje namba ya RB, yaani namba ya taarifa mnayopewa kituoni. Barua yenye RB haisomwi kama chuki ya familia.

*Mimi ni wa Mwanza lakini niliibiwa mzigo Kisumu. Kesi iko huko. Nako ni hivi hivi?*
Mfanyabiashara, Kirumba

Kenya wamekwenda mbele kidogo. Sheria yao ya kuwalinda waathirika ya mwaka 2014 inawapa haki ya kusikilizwa, na taarifa ya athari kwa mwathirika inatajwa waziwazi katika sheria yao ya mwenendo wa jinai. Usipoitoa, mahakama hairuhusiwi kuhitimisha kwamba hukuumia. Hata kamati inayomshauri Rais kuhusu msamaha, kwa Ibara ya 133 ya Katiba yao, inaweza kuzingatia maoni ya mwathirika. Zungumza na mwendesha mashtaka na afisa probesheni wa kituo cha Kisumu.

*Wa kwetu alishapewa huduma ya jamii, lakini tunamkuta kilabuni muda ambao angetakiwa awe anafagia soko.*
Wakazi, Igoma

Msimkamate, na sungusungu wasimpangie adhabu ya pili. Mahali alipopangiwa pana msimamizi na kwa kawaida daftari la mahudhurio. Andikeni tarehe, saa na mahali mlipomwona, walau mara mbili tatu, mpelekeeni afisa uangalizi kwa maandishi. Akilinganisha na daftari akakuta siku hiyo pamesainiwa "yupo", ana tatizo na msimamizi pia. Afisa ndiye anayempeleka tena mahakamani, na hakimu anaweza kubadilisha masharti au kuifuta amri na kumpa adhabu nyingine kwa kosa lile lile la awali. Malalamiko ya mdomo kwa mwenyekiti huwa yanaishia hapo hapo kwa mwenyekiti.